Msikiti ulikuwa wapi?

Stima ilirudi karibu na saa tisa usiku, ikanikuta nimeshakata tamaa na darasa. Nikawasha laptopu mbio mbio, simu nikaifanya hotspoti, nikajitanda leso maana ukumbini kuna upepo, na taa sikuwasha kwa sababu ya watoto. Mwalimu wetu yuko magharibi mwa Marekani, kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linampiga usoni na kikombe cha kahawa mkononi. Akaweka slaidi moja. Ramani ya Bahari ya Hindi imejaa mishale myekundu, mmoja waenda Komoro, mwingine Réunion, mwingine India, na yote imetoka upande mmoja, kwenye kidoti kidogo pwani ya Kenya.

Kidoti kile ni Lamu.

Wenzangu darasani walikuwa wanakitazama kama mfano wa kitabuni na mimi nimekaa ndani yake, nasikia punda wa jirani analia.

Somo lilikuwa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, na habari yenyewe ni chikungunya ya 2004, ule ugonjwa wa mbu unaokunja viungo. Wa umri wangu hapa mtaani hamhitaji kuhadithiwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni watu wazima wakitembea wamejikunja, wanajishikiza ukutani vichochoroni, nyanyangu hawezi kushika kikombe, na chuo chetu cha Qur'ani kimefungwa kwa sababu maalim mwenyewe hawezi kuinuka. Ukubwa wa jambo ndio sikuujua mpaka usiku ule. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka ule ulikuta asilimia 75 ya watu wa kisiwa chetu wameshaambukizwa, na wakakadiria jumla yao kama 13,500. Robo tatu ya mji! Ukatoka hapa ukaingia Mombasa kabla mwaka haujaisha, 2005 ukawa Komoro, kisha Réunion ambako karibu thuluthi ya watu waliupata, kisha India zaidi ya watu milioni walishukiwa kuwa nao.

Halafu mwalimu akauliza lile swali ambalo chuo hiki cha Marekani, cha Kikristo, hakichoki kuliuliza, hata kwenye biostatistiki, takwimu za afya, watalitafutia nafasi. Akasema, na taasisi za dini zilikuwa wapi katika habari hii?

Kimya.

Jina langu liko pale kwenye skrini na chini yake pameandikwa Lamu, Kenya. Maiki yangu ilikuwa imezimwa, na sikuiwasha.

Tangu hapo wiki zimepita na swali halijaniacha. Naenda nalo kazini, narudi nalo, nikikaanga samaki niko nalo. Nimeona niliandike labda litanipisha.

## Wewe na chuo cha Kikristo wapi na wapi

Hili najua mtaniuliza kwa hivyo tulimalize.

Natafuta shahada ya uzamili ya afya ya umma. Mimi ni afisa wa afya, nina kazi, nina watoto, na kwenda Nairobi miaka miwili haiwezekani hata nikiota. Kusoma kwa mtandao ndiyo njia iliyobaki, na kati ya vyuo vilivyonijibu ni hiki kilichonipa nafuu ya karo na kuniruhusu nilipe kozi moja moja, nikikosa pesa nasimama muhula mmoja kisha naendelea, bila mkopo. Na mkopo wa riba sitaki, hilo sijadiliani na mtu. Pia kimekaguliwa na CEPH, lile baraza la Marekani linalopima shule za afya ya umma, kumaanisha shahada yake haiwezi kupungua krediti 42 na lazima ndani yake kuwe na kazi ya vitendo kwenye jamii. Ikiisha nitaipeleka CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, kule Nairobi waitambue, manake bila ile barua mwajiri hapa hana habari na wewe.

Kakangu alisema nitatoka huko nimebatizwa. Mama akamjibu kwamba amezaa watoto na wakunga wa kila dini na hakuna hata mmoja aliyemtoa na msalaba shingoni.

Kwa kweli wasiwasi wangu mimi haukuwa kubatizwa. Niliogopa kitu kingine, kwamba nitasomeshwa sayansi nusu, kila ukifika pagumu mtu anafungua Biblia. Hilo halikutokea. Hesabu za takwimu ni zile zile, P-value ni P-value. Wanakusahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma na hakuna aya itakayokuokoa ukiwa umechagua kipimo kisichofaa. Kilichotofautiana na diploma niliyosoma hapa nyumbani ni kwamba darasa linafunguliwa kwa dua, mimi nanyamaza na kusoma bismillahi yangu, na kila kozi ina insha moja ya kueleza imani yako inaingiaje kwenye kazi hii. Imani yako, hawakusema yao. Niliuliza mara mbili kuhakikisha.

Saa za darasa ndizo mtihani. Wakati wa joto kwao ni saa tisa usiku kwangu, na Ramadhani moja iliangukia vizuri kabisa, darasa likiisha naingia jikoni kutayarisha daku. Wakati wa baridi wanarudisha saa nyuma, basi huwa saa kumi na adhana ya alfajiri inapita katikati ya lekcha. Kuna mwenzetu wa Texas aliniomba siku moja nisizime maiki ili aisikie.

## Insha ya tauni

Insha ya kwanza niliiandika kwa raha. Nikaeleza ile hadithi tunayoijua sote, mkisikia tauni iko nchi fulani msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Nikaeleza safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham, alivyoambiwa njiani kuna tauni akageuza msafara, na Abu Ubayda kumuuliza unaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Nikamalizia na ngamia, mfunge kisha utawakali. Nikajiona nimeshinda. Karantini sisi tulikuwa nayo zamani, jamani, Ulaya haijaijua!

Alama nilipata nzuri. Lakini chini mwalimu ameandika sentensi, nakumbuka maana yake: umenieleza vizuri dini yako inasema nini, sasa insha ijayo nieleze imekufanyisha nini wiki hii kazini.

Nikakasirika. Siku nzima nilikuwa nabishana naye kichwani. Kisha nikaanza kuhesabu wiki yangu ilivyokwenda: ripoti, kikao, mashine ya kupulizia dawa imeharibika, kukagua mikahawa ya ufuoni, kuzungumza na wahudumu wa afya ya jamii kuhusu marupurupu yaliyochelewa. Imani iko wapi hapo? Iko, nafikiri. Yule mwenye mkahawa aliyenikunjia noti kwenye daftari na mimi nikamrudishia, ile ni imani au ni kuogopa kufutwa kazi? Mtu mwaminifu atakwambia ni vyote viwili na hajui kipimo cha kila kimoja.

Hilo halimo kwenye diploma yoyote. Na ndipo nilipoanza kuona kwamba labda pesa yangu haipotei.

## Samaki wa birika

Narudi kwenye mbu maana hapo ndipo swali lilipoanza kuniuma sawasawa.

Mtu akisikia ugonjwa wa mbu hufikiria mvua na madimbwi. Mwaka wa 2004 mambo yalikuwa kinyume, ilikuwa ni ukame. Visima vimepungua, watu wanaweka maji nyumbani kwenye mapipa na mitungi, hayamwagwi hovyo maana ni ghali, yanakaa siku nyingi, na mbu anayeitwa Aedes aegypti hapendi kitu kama maji safi yaliyotulia nyumbani kwa mtu. Tena huyu anauma mchana, kwa hivyo neti yako ya kulalia haimwoni. Wataalamu waliouandika mlipuko ule waliuhusisha moja kwa moja na ukame ule na yale maji ya kuwekwa.

Sasa mfikirie nyumba zetu za kale. Choo cha nyumba ya mawe kina birika, yaani tangi la kujengewa la kuwekea maji, na ndani ya birika mnawekwa visamaki vidogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa pamejengewa bakuli ya kauri, ili birika likikauka au likisafishwa samaki wabaki na maji ya kukaa. Hebu tafakari akili ya fundi yule. Hajui virusi, hajui Aedes ni nani, lakini amemjengea samaki bakuli yake kwenye sakafu. Na maji yale ni ya kujitwaharisha. Mtu alitaka maji ya udhu yawe safi, na katika kutaka hivyo akazuia mbu wasizaliane.

Sisi tukaleta pipa la plastiki la buluu. Pipa halina samaki, wala mfuniko mara nyingi halina.

Nilikwenda kuchungulia birika la nyumba ya shangazi, nyumba ni ile ile ya mababu. Birika lipo. Ndani mna ndoo za rangi, kamba ya dau na feni mbovu. Pembeni yake mapipa mawili yamejaa maji, nikamulika na tochi ya simu, viluwiluwi wanapanda na kushuka kama kawaida yao, wakiona mwanga wanakimbilia chini. Shangazi ananiuliza umeona nini. Nikamwambia tuyamwage. Akaniangalia kama nimerukwa na akili, mkokoteni wa punda umelipwa pesa kwa yale maji.

Hatukuyamwaga. Tuliyachuja kwa kitambaa, tukasugua kuta za mapipa kwa sababu mayai yanashikilia pale pale juu ya mstari wa maji, tukafunika kwa leso na kamba. Ndiyo afya ya umma hiyo, na mtu hapigwi picha akiifanya.

Nikafikiri nimeshapata jibu la kumpelekea mwalimu. Dini ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya birika! Nikaanza hata kuandika. Lakini mwenyewe nikaona ni jibu la makumbusho, zuri la kuonyesha watalii, maana 2004 mabirika mengi yalikuwa yameshakauka tayari na watu wameugua.

## Darasa la Wasabato

Kati ya hapo tukasoma utafiti mmoja ulionichanganya zaidi. Kuna Wasabato wa Marekani na Kanada wamefuatiliwa na watafiti miaka na miaka, kundi la sasa lilianza 2002 na liliandikisha watu kama 96,000. Katika utafiti uliotangulia, wanaume Wasabato wa California walionekana wanaishi miaka 7 hivi zaidi ya wanaume wengine wazungu wa jimbo lile. Hawavuti sigara, wengi hawali nyama au wanakula kidogo, wanakula njugu, wanafanya mazoezi, na siku moja kwa wiki wanapumzika kweli kweli.

Darasa zima likafurahi. Imani inarefusha maisha, mnaona?

Mimi nikajiuliza nikipimwa nayo mizani hiyo mji wangu utakuwa na sura gani. Mji una misikiti kila kona, pombe watu wengi hawagusi, mwezi mzima kwa mwaka tunafunga. Na bado nenda kliniki ya sukari uone foleni. Futari yetu mnaijua, viazi karai, kaimati zimeogelea shira, haluwa na kahawa, kisha tarawehe, kisha kula tena. Mjombangu ana sukari na anadunga insulini na kila Ramadhani ni vita, yeye ataka kufunga zote na daktari amemkataza, na miongozo ya kimataifa ya sukari na Ramadhani, ambayo madaktari na wanazuoni wameitazama pamoja, inasema watu wa aina yake wako kwenye hatari kubwa. Ananijibu, nyinyi mwanitaka nife bila funga.

Kumwambia amekosea kisayansi ni rahisi. Lakini nikikaa naye naona kwamba hanisikii kwa sababu mimi namzungumzia damu na yeye anazungumzia kaburi. Siku ambayo maalim wake alimwendea mwenyewe, akamwambia fidia yako naipokea mimi kwa mkono wangu na Mungu hakudai, alikula uji asubuhi ile. Huku analia, lakini alikula.

Kwa hivyo dini inarefusha maisha au la? Sijui kama swali hilo lina maana likiulizwa jumla jumla namna ile. Ipi, ya nani, na siku gani?

## Shakahola

Hapa ningependa kuruka lakini siwezi.

Mwenzangu mmoja darasani, mtu mzuri tu, alisoma habari za msitu wa Shakahola akaniuliza kwa adabu kama ni karibu na kwetu. Ni Kilifi, pwani hii hii yetu. Ni barabara ile ile tunayopita kwenda Mombasa, basi linapita Malindi, na chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi ndiko miili ilikopelekwa tangu Aprili 2023, mpaka yakaletwa makontena ya barafu. Zaidi ya watu 400. Mhubiri wao anashtakiwa kwamba aliwaambia wafunge wasile ili wakutane na Yesu, na watoto ndani yao. Kesi iko mahakamani, siisemei.

Ninachosema ni kwamba baada ya Shakahola sikuweza tena kuandika insha ya kusifu viongozi wa dini kama daraja la jamii na maneno mengine ya semina. Nilifungua ukurasa nikakaa. Mtu aliyeaminiwa kuliko daktari, kuliko chifu, kuliko mama mzazi. Ile imani tunayoisaka sisi watu wa afya, tunasema ah tungekuwa na imani kama waliyonayo viongozi wa dini, si ndiyo hiyo iliyowamaliza watu?

Kuna wakati nilitaka kuacha kozi. Karo ya muhula ilikuwa tayari na mkono hautaki kubonyeza. Niliona ni heri nisome mahali ambapo Mungu hatajwi na takwimu zikaachwa ziseme zenyewe.

Ila takwimu hazikuwafikia watu wa Shakahola pia. Chanjo ya pepopunda ya 2014 mnaikumbuka, maaskofu wa Kikatoliki walisema ina homoni ya kuzuia wanawake kushika mimba, serikali na WHO na UNICEF wakakanusha, na vita vikapiganwa magazetini. Wizara ilikuwa na sayansi mkononi. Mama niliyemkuta mimi kliniki miaka mingi baadaye, Mwislamu huyo wala hana habari na maaskofu, bado anauliza ile sindano si ndiyo ile ya kufunga kizazi?

Na 2020 tukapewa sharti la misikiti na makanisa, watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, chini ya miaka 13 na juu ya 58 wabaki nyumbani. Lile lilitungwa na baraza la viongozi wa dini wenyewe, na kwa korona lilikuwa na mantiki yake. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni na daftari. Wazee wa safu ya kwanza, waliokuja msikiti ule tangu wakiwa watoto, wakanisalimia, wakageuka wakaenda zao bila neno. Mmoja alikuwa babangu mdogo. Nilikuwa sahihi kiafya na ningeifanya tena, na bado sipiti mlango ule bila kuwaona.

## Nyinyi huja lini

Mwishowe nikaenda kwa maalim wa mtaa wetu. Sikwenda kikazi, sikubeba bango wala fomu. Alikuwa amekaa dakani baada ya alasiri, mkewe akanitolea kahawa na kunisukumia kimto, tukakaa watatu. Nikamweleza slaidi, kidoti, mishale, asilimia 75. Akacheka kusikia Lamu imepeleka kitu India, maana siku zote ni India iliyotuletea sisi. Kisha nikamuuliza kama nilivyoulizwa. Msikiti ulikuwa wapi?

Alinyamaza kidogo.

"Msikiti ulikuwa pale pale mwanangu, hauna miguu. Twaswali safu mbili mahali pa sita. Wanaoweza kusimama wawapelekea mai na uji wasioweza. Wewe waniuliza sisi tulikuwa wapi, hebu niulize nyinyi huja lini."

Nikamwambia tunakuja.

"Mwaja mkiwa na chanjo. Mwaja na fulana na kipaza sauti, maalim tusemee Ijumaa. Twawasemea. Ikiisha kampeni hata salamu hatuioni. Yeo nikikwambia jabia la msikiti lina nyufa na watoto waharisha, utanijia na nini?"

Mkewe akaingilia kati, "Mwache mtoto anywe kahawa."

Nilitaka kujitetea. Jabia ni tangi la kukusanyia maji ya mvua, na bajeti ya chanjo ina mwenyewe, ya maji ina mwenyewe mwingine, mimi ni mtu mdogo. Yote kweli. Lakini nikaona kitu ambacho kozi nzima, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa inakizunguka. Vitabu vyetu vinawataja viongozi wa dini kama njia ya kupitishia ujumbe au kama kizuizi cha ujumbe. Ujumbe siku zote ni wetu. Hakuna mahali maalim ana ujumbe wake na sisi ndio wa kuupitisha. Ukimfanya mtu kipaza sauti miaka kumi, usishangae siku atakayokuja mwingine na sauti yake mbaya, na hakuna kati yenu aliyezoea kubishana.

Maana hapo ndipo ninapoiona tofauti na kule msituni Shakahola. Huyu maalim hakutaka nimwamini. Alinidai. Na alikubali nimdai, kama mtakavyoona.

## Jabia

Nikamwambia mwalimu wangu nataka kubadilisha kazi ya vitendo. Mpango wa kwanza ulikuwa kampeni ya uhamasishaji, mabango na mahubiri ya Ijumaa, tayari umepitishwa. Mpya ni huu: tupime maji ya majabia na mabirika ya misikiti, bakteria wa kinyesi na viluwiluwi vya mbu, kwanza kabla ya masika kisha baada yake, na tuone nyufa zinaingiza nini. Visiwa vya huku juu, Pate, Ndau, Kiwayu, watu wengi bado wanategemea jabia la mvua, kwa hivyo si jambo la msikiti mmoja. Lamu mjini angalau tuna visima vya matuta ya mchanga ya Shela, wenzetu hawana.

Alinirudishia maswali mengi ya sampuli, mengine sijayajibu, na sentensi moja, hii ndiyo insha niliyokuwa naisubiri. Nikacheka peke yangu usiku.

Maalim naye akatoa masharti. La kwanza, majibu yasomwe msikitini kwa Kiswahili, Ijumaa, mazuri au mabaya, na nisiyapeleke Marekani kabla hayajasomwa hapa. La pili, jabia likionekana bovu atalifunga yeye mwenyewe hadharani, lakini nami niiandikie kaunti barua ya kuomba fundi na niisaini kwa jina langu. La tatu samaki warudi kwenye birika la udhu, hilo nadhani alilitia kwa kunifurahisha.

La kwanza ndilo lililonipa taabu. Chuo kina kamati ya maadili, na hapa Kenya lazima pia uwe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na fomu zote zinauliza matokeo utayatunza vipi kwa siri. Ni maji, si damu ya mtu, lakini msikiti una jina, na jabia bovu ni aibu ya watu wanaojulikana. Nimezungumza na kamati za misikiti mingine miwili, mmoja wamekubali na mmoja wamesema hawataki kusomwa mbele ya watu, na mimi siwalaumu. Fomu inataka wote wafanyiwe sawa. Maalim anasema amana si kuficha, ni kumpa mwenyewe kilicho chake. Kamati haijanijibu bado.

Barua yake ya ruhusa ninayo. Ameiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari minne na muhuri wa msikiti, na inabidi niitafsiri kwa Kiingereza niambatanishe. Karo ya muhula nimelipa. Kwa wasomaji walioko Faza na Kizingitini, kama kuna mtu wenu kwenye kamati ya jabia aniandikie, nataka kujua hulisafisha mwezi gani na mnatumia nini, chokaa au dawa ya dukani. Na kama kuna aliyepata barua ya CUE kwa shahada ya mtandao ya Marekani, tafadhali aniambie ilichukua muda gani na walidai karatasi zipi, maana nimesikia kila mtu ana habari yake.